Hoteli hii iko wapi, na picha ilipigwa lini? Namna ya kuisoma picha kongwe ya enzi za Malkia Victoria

Picha kongwe za hoteli za Uingereza zimetapakaa duniani. Wasafiri walizinunua ziwe ukumbusho wa safari, wakazibandika kwenye albamu, watoto wao wakazirithi, wajukuu wakaziuza mnadani, na leo nyingi zinazunguka mtandaoni zikiwa zimebanduliwa kutoka kwenye kurasa zilizokuwa na maelezo yake. Kinachobaki ni jengo kubwa lenye madirisha mengi, watu wachache waliosimama mbali, na pengine maneno "hoteli ya enzi za Victoria" yaliyoongezwa na mtu ambaye hakuujua mji wenyewe. Swali la picha hiyo ni ya wapi na ya lini lina jibu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila jibu hupatikana kwa kuupima ushahidi mmoja baada ya mwingine. Makala haya yanaeleza namna ya kuupima, na kwa sehemu kubwa yataitumia hoteli moja yenye ushahidi mwingi kuizunguka: Grand Hotel ya Scarborough, mji wa pwani ya Yorkshire, kaskazini mashariki mwa Uingereza.

Kabla ya yote inafaa kuzitenganisha tarehe, kwa sababu picha moja hubeba tarehe nne. Ipo tarehe ya jengo kujengwa. Ipo tarehe ambayo mpigapicha alifungua lenzi mbele ya jengo hilo. Ipo tarehe ambayo nakala tuliyoishika ilichapishwa, kwa kuwa bamba moja la kioo, lile lililonasa picha ndani ya kamera, liliweza kutoa nakala kwa miaka mingi. Na ipo tarehe ya maandishi, iwe ni ya mkono nyuma ya karatasi au ya muhuri wa posta. Victoria alitawala kuanzia 20 Juni 1837 hadi 22 Januari 1901, na jengo lililosimamishwa katika miaka hiyo ni la enzi yake hata kama picha yake ilipigwa 1925. Anayesema "picha hii ni ya enzi za Victoria" kwa sababu tu jengo ni la enzi hiyo ameichukua tarehe ya kwanza akaiweka mahali pa ya pili, na hilo ndilo kosa linaloharibu maelezo mengi kuliko yote.

Mkanganyiko huo unatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki. Ni rahisi kuitazama picha ya zamani ya Norfolk Hotel ya Nairobi, yenye veranda na magari ya farasi, na kuiita ya enzi za Victoria. Lakini hoteli hiyo ilifunguliwa Desemba 1904, Malkia akiwa amekwisha kufariki karibu miaka 4 nyuma, na reli iliyouzaa mji wa Nairobi ilifika hapo mwaka 1899. Yeyote anayetaja picha ya hoteli ya Nairobi ya miaka ya 1880 anataja kitu ambacho hakikuwezekana kuwapo.

Tuanze na mahali. Wengi hutafuta jina ukutani, na jina likionekana hudhani kazi imekwisha. Majina ya Grand, Royal, Queen's, Victoria na Railway yalitumika katika miji mingi mno, ndani ya Uingereza na katika makoloni yake, hivi kwamba jina peke yake halithibitishi mji wowote. Jina huwa na nguvu likiungana na kitu kisichohamishika: umbo la pwani, kilima, daraja, kanisa au ngome. Vifaa vya ujenzi navyo husaidia kuchuja. Hoteli kubwa ya mbao yenye veranda ndefu kila upande, mfano wa Grand Hotel ya kisiwa cha Mackinac iliyofunguliwa 1887 au Hotel del Coronado ya California iliyofunguliwa 1888, inaelekeza Marekani, kwa kuwa miji ya Uingereza ilijenga hoteli zake kubwa kwa matofali na mawe. Msitu wa dohani juu ya paa unaashiria nchi ya baridi ambako vyumba vilipashwa joto kwa moto wa makaa, ingawa hilo halitoshi kuutaja mji.

Sasa chukulia kwamba mbele yetu ipo picha isiyo na jina: jengo kubwa mno juu ya jabali linaloitazama bahari, pembe zake zina minara yenye kuba, paa limejaa dohani, na nyuma yake kuna rasi yenye magofu ya ngome. Mchanganyiko huo hauna mwingine. Ni Grand Hotel ya Scarborough, iliyosanifiwa na Cuthbert Brodrick, msanifu aliyejijengea jina kwa ukumbi wa mji wa Leeds, na ikafunguliwa 1867. Ni jengo lililojengwa kwa kujisifu waziwazi. Minara yake 4 ilisemwa kuwa ni majira ya mwaka, orofa zake 12 ni miezi, dohani zake 52 ni wiki, na vyumba vyake 365 ni siku, huku umbo lake likitazamwa kutoka juu likifanana na herufi V, heshima kwa Malkia. Anayeitambua picha hahitaji kuziamini hesabu hizo zote. Anachokihitaji ni kuba za pembeni na namna jengo linavyoshuka na jabali.

Hapo kwenye kushuka pana mtego. Ukisimama upande wa mji, hoteli inaonekana ya orofa za wastani, kwa sababu orofa kadhaa zimejificha chini ya usawa wa barabara. Ukisimama ufukweni, jengo hilohilo linapanda juu ya kichwa chako kama mlima. Picha mbili za hoteli moja zinaweza kuonekana kuwa za majengo mawili tofauti, na mtu akiegemea hesabu ya orofa peke yake ataapa kwamba si mahali pamoja. Kuba na mpangilio wa madirisha ya orofa za juu ndivyo vinavyoziunganisha.

Jengo likishajulikana, swali linalofuata ni mpigapicha alisimama wapi, na swali hili lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo linaloamua ni vitu gani vilitakiwa kuonekana ndani ya picha. Mtu aliyesimama upande wa Spa, jumba la burudani la ufukweni lililo kusini mwa hoteli, akitazama kaskazini, lazima aione hoteli kushoto, bahari kulia, na bandari pamoja na rasi ya ngome kwa mbali. Picha ikionyesha bahari kushoto na hoteli kulia huku ngome ikiwa nyuma, basi imegeuzwa. Hilo si jambo la ajabu: picha za bamba la shaba zilizotangazwa na Daguerre mwaka 1839 zilitoka zikiwa zimegeuka kushoto kwa kulia, na bamba la kioo likiwekwa vibaya wakati wa kuchapisha, au likiskaniwa upande usio wake katika siku zetu, hutoa matokeo yaleyale. Maandishi yoyote ndani ya picha yatalifichua kosa hilo mara moja. Yasipokuwapo, mwanga husaidia: uso wa hoteli unaoitazama bahari umeelekea mashariki, hupata jua asubuhi na kuingia kivulini alasiri.

Baada ya mahali ndipo tunaingia kwenye wakati, na hapa Scarborough inatulipa vizuri, maana ufuo wake ulibadilika mara nyingi katika miaka inayojulikana. Kabla ya hoteli, kwenye kiwanja hicho palikuwa na nyumba za kupangisha ambamo mwandishi Anne Brontë alifariki 28 Mei 1849. Picha inayoonyesha nyumba hizo ndogo badala ya kuba ni ya kabla ya ujenzi wa miaka ya 1860. Picha yenye hoteli iliyokamilika haiwezi kutangulia 1867. Barabara ya ufukweni, Foreshore Road, ilifunguliwa 1877, na mwaka huohuo likafunguliwa jengo la maonyesho ya viumbe wa baharini, lililosanifiwa na Eugenius Birch, chini ya daraja la Spa. Kwa hiyo picha inayoonyesha hoteli iliyokamilika, na chini yake ufuo usio na barabara hiyo, inaangukia ndani ya miaka 10 tu. Kwa picha ambayo mwanzoni iliitwa "ya karne ya 19", hiyo ni hatua kubwa.

Spa yenyewe inaongeza kipimo kingine. Ukumbi wake uliosanifiwa na Joseph Paxton ulikamilika 1858, ukaungua 1876, na jengo jipya likafunguliwa 1880. Picha zilizopigwa kutoka upande wa bandari zina faida yake: zinaweza kuonyesha reli fupi ya kuvutwa kwa kamba inayopanda jabali jirani na hoteli, iitwayo Central Tramway, iliyofunguliwa 1881. Kisha kuna mnara wa taa bandarini. Manowari za Ujerumani ziliushambulia mji kwa mizinga 16 Desemba 1914. Hoteli ilipigwa, mnara wa taa ukaharibiwa kiasi cha kubomolewa, na haukujengwa tena hadi 1931. Picha ya bandari isiyo na mnara huo, hata iwe na rangi ya kahawia na ionekane kongwe kiasi gani, imepigwa kati ya tarehe hizo mbili. Ni ya enzi ya Mfalme George wa Tano.

Ninasisitiza neno moja la tahadhari kuhusu vitu visivyoonekana. Kutokuwapo kwa kitu ni ushahidi pale tu mahali pake panapoonekana wazi ndani ya picha. Kama mnara wa taa ungekuwa nyuma ya jabali kwa pembe aliyosimama mpigapicha, au kama ukungu wa bahari umeifunika bandari, kukosekana kwake hakusemi lolote. Ndiyo maana inafaa kuchora kwenye ramani mstari kutoka alipokuwa mpigapicha hadi kila alama, na kukubali tu alama ambazo mstari wake haukatizwi na kitu. Shirika la ramani la Uingereza, Ordnance Survey, lilichora miji mingi kwa vipimo vikubwa katika karne ya 19, hata ngazi na kuta za bustani zikaonyeshwa, na Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka ramani nyingi za aina hiyo mtandaoni bila malipo.

Msomaji wa Zanzibar anaweza kuijaribu kanuni hiyo karibu na nyumbani. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ulisimama mnara wa saa uliotumika pia kuongoza vyombo baharini. Mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896 iliuharibu, na jumba lilipotengenezwa mwaka 1897 lilipewa mnara wake lenyewe, ule uliozoeleka baadaye. Picha yenye mnara mbele ya jumba na picha yenye mnara juu ya jumba haziwezi kuwa za kipindi kimoja, hata zikipatikana ndani ya bahasha moja.

Watu waliomo pichani nao husema, ingawa ni wadogo na huhitaji kioo cha kukuzia. Sketi pana zenye umbo la kengele, zilizoshikiliwa na fremu, zilitawala kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1850 hadi katikati ya miaka ya 1860. Miaka ya 1870 ilipoanza, upana ulihamia nyuma ya kiuno. Kuelekea 1880 sketi zikabana. Katikati ya miaka ya 1880 uvimbe wa nyuma ukarudi, safari hii ukijitokeza kama rafu. Mikono ya gauni iliyofura mabegani ni alama ya miaka ya katikati ya 1890. Hata hivyo mtu huvaa nguo yake hadi ichakae, na bibi wa miaka 70 hakubadilisha mtindo kila msimu, kwa hiyo wa kumtazama ni kijana aliyevaa kwa fasheni kuliko wenzake: nguo yake inaweka mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia. Baiskeli yenye gurudumu moja kubwa na moja dogo inaelekeza miaka ya 1870 na 1880, yenye magurudumu sawa ni ya baada ya 1885, na gari lenye bamba la namba ni la kuanzia mwishoni mwa 1903 na kuendelea, sheria ilipolazimisha usajili.

Barabara tupu mbele ya hoteli si lazima iwe ilikuwa tupu. Njia ya kioo kilicholowa kolodioni, kimiminika chenye kunata, iliyovumbuliwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilihitaji lenzi iachwe wazi kwa sekunde kadhaa. Aliyekuwa akitembea alifutika au akaacha kivuli hafifu, na aliyesimama tuli ndiye aliyebaki. Kioo hicho kilihisi zaidi mwanga wa buluu, ndiyo maana anga katika picha nyingi za wakati huo ni jeupe lisilo na wingu hata moja. Mabamba makavu ya jelatini, yaliyoanza kwa jaribio la Richard Leach Maddox mwaka 1871 na kuenea madukani kuelekea 1880, yalifupisha muda huo, na farasi anayekimbia akaanza kuonekana na miguu yake yote.

Karatasi yenyewe ni shahidi anayesahaulika, hasa siku hizi tunapoona picha kwenye simu tu. Nakala ya albumini, ambayo karatasi yake ilipakwa ute wa yai, ni nyembamba mno, huwa imegundishwa kwenye kadi ngumu, ina rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, na sehemu zake nyeupe zimegeuka manjano. Ilitumika tangu miaka ya 1850 hadi miaka ya 1890. Nakala ya jelatini ya baadaye huwa na mng'ao wa fedha unaojitokeza kwenye sehemu nyeusi ukiielekeza kwenye mwanga. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia na kuona vitone vilivyopangika, unachokishika ni chapa ya mashine iliyotolewa kwenye kitabu, gazeti au postikadi, na tarehe yake ni ya mchapaji.

Postikadi zina sheria zake, nazo ni rafiki mwema. Posta ya Uingereza iliruhusu kadi za watu binafsi zenye stempu ya kubandika mwaka 1894, na ikaruhusu nyuma ya kadi igawanywe, nusu kwa ujumbe na nusu kwa anwani, mwaka 1902. Kadi ya Uingereza yenye mstari katikati kwa nyuma haikuchapishwa Victoria akiwa hai. Stempu ya nusu peni ilitosha hadi Juni 1918, nauli ilipopanda kuwa peni moja. Muhuri wa posta hutaja siku ambayo kadi ilikwisha kuwapo, na haukatazi kwamba picha ilipigwa miaka 15 nyuma. Wenye maduka waliendelea kuuza taswira za zamani maadamu zilinunuliwa.

Jina la mpigapicha linaweza kufungua mlango au kukupoteza. Mfano mzuri ni jina Sarony. Oliver Sarony, mzaliwa wa Quebec, alikuwa na studio kubwa sana Scarborough kuanzia 1857 hadi alipofariki 1879, na biashara iliendelea kwa jina lake. Ndugu yake Napoleon Sarony alikuwa mpigapicha mashuhuri wa New York. Kadi yenye jina la ukoo pekee inaweza kuwa imetoka upande wowote wa Atlantiki, kwa hiyo soma anwani yote kabla ya kuamua. Makampuni makubwa ya mandhari yanatoa msaada wa aina nyingine: Francis Frith wa Reigate, James Valentine wa Dundee na George Washington Wilson wa Aberdeen waliandika namba kwenye pambizo ya picha, pamoja na jina la mahali au herufi kama J.V. na G.W.W. Kumbukumbu za Valentine zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha St Andrews na mabamba ya Wilson Chuo Kikuu cha Aberdeen, na namba inaweza kupelekea mwaka. Lakini kampuni ikipiga upya mandhari ileile iliweza kuipa namba ya zamani, na hapo namba ikipingana na ufuo, ninauamini ufuo.

Njia hii haina upekee wa Scarborough. Huko Brighton, kusini, Grand Hotel ilifunguliwa 1864 na Hotel Metropole ya Alfred Waterhouse ikajengwa karibu yake mwaka 1890. Gati la West Pier lilifunguliwa 1866, na lile kongwe la minyororo, Chain Pier, likasombwa na dhoruba Desemba 1896. Picha yenye Metropole iliyokamilika na Chain Pier iliyosimama imebanwa ndani ya takriban miaka 6, kabla hata hatujatazama nguo ya mtu yeyote.

Unapofika mwisho wa uchunguzi, andika jibu kwa kipimo cha ushahidi ulionao. "Scarborough, Grand Hotel kutoka Spa, kati ya 1867 na 1877, kwa kuwa Foreshore Road haipo na mahali pake panaonekana" ni maelezo ambayo mwingine anaweza kuyakagua na kuyasahihisha. "Mnamo 1872" bila sababu hayakaguliki. Taja kila tarehe kwa aina yake: ya jengo, ya picha, ya nakala, ya maandishi. Yaandike kwenye bahasha au karatasi isiyo na asidi, kwa penseli laini, wala si nyuma ya picha, kwa maana wino hupenya karatasi ya albumini na kalamu ngumu huacha mfereji unaoonekana upande wa mbele. Maandishi ya zamani yaliyomo nyuma, hata ukithibitisha kwamba yamekosea, yaache na uyanakili neno kwa neno. Aliyeyaandika anaweza kuwa amekosea mwaka akapatia jina la familia iliyoimiliki albamu.